Tuambieni Bei ya Forodha Kabla Hatujanunua

Wapambanaji, kuna sentensi ambayo kila kijana mwenye bando ameshakutana nayo: bidhaa hii haitumwi mahali ulipo. Umechagua, umeweka kwenye kikapu, umeandika Tanzania, basi, safari imeishia hapo. Tukifika hapo tunawalaani wauzaji wa nje kwamba wanatubagua, na wengine kweli wanatubagua. Ila leo naomba tuangalie nyumbani kwanza. Sehemu kubwa ya ukuta huu imejengwa na serikali yetu wenyewe, maana hakuna anayejua mzigo wake utatozwa kiasi gani mpaka ufike.

Jiweke kwenye nafasi ya muuzaji mdogo wa Manchester au Guangzhou. Mteja wa Mbeya analipa, mzigo unafika Dar, mteja anatajiwa kiasi ambacho hakukitegemea, anaususa. Mzigo unarudi au unaozea stoo, mteja anadai hela yake. Hayo yakitokea mara mbili, muuzaji anaifuta Tanzania kwenye orodha yake. Ni hesabu tu.

Ushahidi tulishauona, na ulitoka kwa wakubwa. Tarehe 29 Agosti 2025 Marekani ilifuta msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800. Mashirika ya posta zaidi ya 80 duniani yakasitisha huduma zote au baadhi ya kupeleka mizigo huko. Sababu kubwa ilikuwa kwamba utaratibu haukueleweka: nani akusanye ushuru, vipi, na aupeleke wapi. Somo lake ni rahisi. Mizigo husimama pale sheria isipojulikana, hata kama kodi yenyewe inalipika.

Sisemi kila zuio ni baya. Betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake zimepigwa marufuku kama shehena kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016, kwa sababu zinaweza kuwaka moto. Mifuko ya plastiki tumeipiga marufuku wenyewe tangu Juni 2019. Mazuio hayo yameandikwa, yanasomeka, na sababu yake inaeleweka. Hayo sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni na dirishani. Viwango vyenyewe vipo. Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35. Chukua bidhaa ya ngazi ya 25 iliyothaminiwa shilingi 100,000. Ushuru ni 25,000. Kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya 125,000, yaani 22,500. Hapo umeshafika 47,500 kabla ya ada nyingine. Ni kubwa, lakini angalau inahesabika. Tatizo linaanza na ile laki moja: nani kasema mzigo una thamani hiyo?

Nilishaagiza kitabu cha sheria, mtumba, kutoka Uingereza. Kitabu kilichochapishwa kipo kwenye ngazi ya sifuri. Kwenye dirisha moja, ambalo silitaji, nikatajiwa elfu thelathini kwa mdomo. Nikaonyesha risiti niliyonunulia, nikaambiwa risiti za mtandaoni "tunazijua hizo". Nikaomba maelezo kwa maandishi, nikaambiwa njoo kesho. Kesho yake mhudumu mwingine, bei nyingine.

Sasa sikilizeni, maana hili hawatawaambia. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 122, inampa mwagizaji haki ya kuomba kwa maandishi na kuelezwa kwa maandishi jinsi thamani ya mzigo wake ilivyofikiwa. Jedwali la Nne linakataza thamani za kubuni na thamani za chini zilizopangwa tu. Kifungu cha 229 kinakupa siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe upya. Kamishna asipokujibu ndani ya siku 30, sheria inahesabu kwamba amekubali ombi lako. Na Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi hutozwa kwa mujibu wa sheria. Bei ya mdomo inayobadilika kila mhudumu anapobadilika si sheria.

Kuna na hili la tabaka. Sheria hiyohiyo inampa msafiri nafuu ya kodi kwa vitu anavyorudi navyo begini, hadi kiwango kilichoandikwa. Mwenye nauli ya Dubai anajua mpaka wake kabla hajapanda ndege. Fundi simu wa Songea anayeagiza vioo vitano, au binti wa Tabora anayetafuta kifaa cha cherehani yake, anasubiri bahati yake dirishani. Halafu jukwaani tunaambiwa vijana tujiajiri!

Watasema tunataka kuua viwanda vya ndani na kuiua Kariakoo. Kiwanda gani hapa nchini kinachapa kile kitabu changu? Na Kariakoo yenyewe ilifunga maduka Mei 2023, ikafunga tena Juni 2024, ikilalamikia usumbufu kwenye ukusanyaji wa kodi. Mfanyabiashara wa kontena na mwanafunzi wa kitabu kimoja wana kilio kimoja. Hatujaomba kodi ifutwe. Tunaomba ijulikane.

Na wasituambie nchi haina uwezo. Mwaka 2022 serikali ilifanya operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na mitaa vibao. Makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika yapo Arusha, kwenye jengo lililozinduliwa mwaka 2023. Tuna anwani na tuna jengo, ila mzigo hauna bei.

Kwa hiyo jumuiya yetu ya vijana isimamie mambo matatu. Kwanza, mnunuzi wa mtandaoni apewe kiwango chake cha nafuu, kiandikwe na kibandikwe kila dirisha la mizigo, kama msafiri alivyoandikiwa chake. Pili, kila tozo itolewe na karatasi inayoonyesha thamani, ngazi na hesabu. Tatu, kiwepo kikokotoo cha wazi ambacho mtu, na hata muuzaji wa nje, atakitumia kabla ya kulipa.

Wakati tunadai hayo, haki iliyopo tuitumie. Ukitajiwa bei kwa mdomo, andika barua, taja kifungu cha 122, baki na nakala iliyogongwa muhuri, uanze kuhesabu siku. Tozo za miamala za 2021 zilipunguzwa baada ya watu kupiga kelele kila kona. Barua mia moja kwenye dirisha moja nazo ni kelele, tena zenye muhuri.