Taa ya mlangoni na wageni wa mvua

Ikiwa unaishi Isiolo, au umewahi kulala mjini humo mvua za Novemba zinapoanza, huhitaji kuelezwa juu ya balaa la taa ya nje. Ardhi imekauka kwa miezi. Jioni moja mvua inanyesha, na kabla ya saa mbili za usiku ukuta wote ulio chini ya taa umejaa kumbikumbi, nondo na wadudu wengine usiowajua hata majina. Mtoto akifungua mlango kwenda msalani, nusu ya kundi hilo huingia naye sebuleni na kutua kwenye sufuria.

Kumbikumbi si tatizo kubwa. Hupukutisha mbawa zao, wakahangaika kwa muda, na asubuhi kuku huwamaliza. (Ndugu zetu kutoka Magharibi hushangaa kutuona tukifagia na kutupa kitoweo.) Anayenitia wasiwasi ni mdudu mwembamba, asiyezidi sentimita moja hivi kwa urefu, ambaye mwili wake ni mweusi na rangi ya chungwa kwa zamu. Huyo ndiye Nairobi Fly. Jina lisikudanganye ukadhani ni mgeni wa jiji kuu pekee. Mvua za El Nino zilipopita kiasi, mwaka wa 1998 wadudu hawa walizagaa hata kaskazini mashariki mwa Kenya.

Mdudu huyu haumi wala hana mwiba. Sumu yake, iitwayo pederini, imo mwilini mwake na hutoka anapopondwa. Anatua shingoni, wewe unampiga kofi, kisha unajipangusa kwa mkono ule ule. Wakati huo huhisi lolote. Ni baada ya siku moja au mbili ndipo ngozi huwa nyekundu, ikawaka na kutoa malengelenge mithili ya mtu aliyemwagikiwa na uji moto. Mtoto akifikicha macho kwa vidole vilivyogusa sumu hiyo, macho huvimba hadi yakafumba.

Kwa hivyo ukimwona mwilini, mpulize, au mwekee kipande cha karatasi apande umtoe. Ikiwa amekwisha pondwa, osha mahali hapo mara moja kwa maji na sabuni, na nguo aliyopondewa ifuliwe. Jicho likiguswa, lioshwe kwa maji safi mengi kisha mgonjwa apelekwe hospitalini. Dawa ya meno haina kazi hapo.

Lakini kwa nini wadudu hawa waje mlangoni kwako? Kwa muda mrefu tulielezwa kwamba hudhani taa ni mwezi. Mnamo Januari 2024, watafiti walichapisha katika jarida la Nature Communications maelezo mengine. Walipiga picha za video wadudu wakiruka, wakaona kwamba mdudu hugeuza mgongo wake kuelekea penye mwanga. Porini hilo humsaidia kujua juu ni wapi, kwa kuwa anga la usiku lina mwanga kuliko ardhi. Karibu na balbu humpotosha, akabaki akizunguka asiweze kutoka. Yaani mdudu hajaipenda taa yako, amenaswa.

Isitoshe, macho ya wadudu wengi huona vizuri rangi ya buluu na miale ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni. Taa nyeupe za tyubu na zile balbu za LED zenye weupe mkali ndizo huwavuta zaidi. Unapokwenda dukani, soma nambari iliyo kwenye pakiti. 6500K ni weupe wa kuelekea buluu. Chukua ya 2700K au 3000K, ambayo mwanga wake ni wa manjano. Wadudu hawatakwisha, lakini watapungua.

Mahali pa taa pana uzito sawa na rangi yake. Mafundi wetu wa stima wamezoea kuifunga juu kabisa ya mlango, ndipo kila mdudu aliyenaswa awe hatua moja tu kutoka sebuleni. Ifunge kwenye ukuta wa ua au mlingoti, imulike mlango kutoka mbali, nayo iwe na kifuniko cha kuelekeza mwanga chini. Mvua ikinyesha jioni, izime kwa muda hadi kumbikumbi wapite. Anayeogopa wezi anaweza kuweka ile inayojiwasha mtu anapopita.

Wapo wanaonunua mitambo ya taa ya buluu inayowaunguza wadudu kwa umeme. Mimi singetoa pesa zangu. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1996, mitambo hiyo iliua wadudu 13,789, na kati yao waumao watu walikuwa 31 tu. Mbu hufuata pumzi na harufu ya mwili wako zaidi ya taa, kwa hivyo neti ibaki kitandani hata ukibadilisha balbu zote.

Nawe mwanafunzi unayesoma usiku, teremsha neti kabla ya magharibi na uvute pazia kabla ya kuwasha taa. Usiku, kabla ya kulala, kung'uta shuka na mto.

Kwa wapangaji, taa ya ua huwa ya mwenye ploti, na wengi hao husema balbu ni balbu. Mwendeeni majirani wawili watatu pamoja mwezi wa Oktoba, kabla mawingu hayajakusanyika, mkiwa mmebeba ile ya manjano mkononi na ngazi ya kumpandishia fundi.