Msituombe tufute miamala ya zamani

Programu ya malipo ikianza kuvuta miguu, hasa mwisho wa mwezi, wateja wetu wengi wa Mji wa Kale na Marikiti wana dawa moja: tufute miamala ya zamani, mambo yawe mepesi. Wazo lenyewe si la kipuuzi. Stoo ikijaa magunia, huwezi kupita. Lakini hifadhidata si stoo, na sisi tunapinga ombi hili.

Chukua daftari la mwenye duka la leso pale Biashara Street. Kama anaandika mauzo siku baada ya siku tu, kutafuta malipo ya mteja mmoja ni kufunua ukurasa baada ya ukurasa. Akiwa na faharasa ya majina na kurasa zake, anafika moja kwa moja, hata daftari liwe nene vipi. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Ikitafuta kwenye orodha iliyopangwa, kila hatua inaweka kando nusu ya rekodi. Rekodi milioni 1 zinahitaji hatua kama 20. Bilioni 1, hatua kama 30. Yaani daftari limekua mara elfu, kazi imeongezeka hatua 10 tu! Faharasa nayo ina gharama yake: kila malipo mapya lazima yaandikwe na huko pia, kwa hiyo zikizidi, kuandika kunachelewa.

Sasa mbona jioni inakuwa nzito? Nenda Mji wa Kale mwezi wa Ramadhani, dakika chache kabla ya magharibi. Watu wamemzunguka muuza viazi karai na mahamri, wote wanalipa kwa nambari moja. Salio la nambari hiyo ni mstari mmoja kwenye hifadhidata. Tuseme lina shilingi 1,000, na wateja wawili wanatuma 50 kila mmoja kwa wakati mmoja. Kama mfumo ungewaruhusu wote wawili wasome 1,000 kisha kila mmoja aandike 1,050, muuzaji angepoteza 50 hivi hivi. Kwa hiyo wa pili anasubiri wa kwanza amalize, na wa tatu nyuma yake. Ongeza kwamba malipo hunakiliwa mahali zaidi ya pamoja, ili mtambo mmoja ukiharibika pesa isipotee. Kufuta miamala ya 2019 hakupunguzi foleni hiyo hata kidogo.

Na hiyo miamala ya zamani ni ya nani? Ni yako. Mpangaji wa Kibokoni anayedaiwa kodi ya miaka mitatu nyuma, na simu yenye ujumbe wa malipo ilishaibiwa, atajitetea na nini? Sheria ya Kenya ya 2009 ya kupambana na utakatishaji wa pesa nayo inataka rekodi za miamala zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 7. Hata tungetaka kufuta, hatungeweza.

Mteja akitaka kutubana, na atubane, adai kitu kingine: rekodi za zamani zikae kando na malipo ya leo, ili anayeomba taarifa ya miaka mitano asigombanie mtambo na anayenunua futari. Hilo ni jukumu la kampuni za malipo, sisi tukiwemo, si la mteja. Wewe unachoweza kufanya ni kuomba taarifa ya miezi unayoihitaji tu, na ukiweza, iombe asubuhi.

Malipo yakikwama, usitume tena papo hapo. Angalia salio na orodha ya miamala kwanza. Ombi la pili halilisukumi la kwanza. Linapanga foleni nyuma yake, na yote mawili yanaweza kupita.