Rangi ya Meya

Wako wanaoomboleza maandishi ya manjano yaliyofutwa karibu na Ikulu ya Marekani. Yalikuwa ya nani? Juni 2020, polisi walipokwisha kumwua George Floyd, Meya wa Washington aliagiza barabara iandikwe kwamba maisha ya Weusi yana thamani. Wanaharakati hawakukubali kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa: kesho yake waliongeza maneno yao papo hapo, wakidai polisi wanyimwe fedha.

Machi 2025, muswada bungeni ulipotishia fedha za jiji, Meya yule yule aliyang'oa. Ajabu ni kwamba siku ile, nyundo za mashine zikivunja lami, ndipo watu walipokuja kuokota vipande na kwenda navyo nyumbani.