Jina la Mhusika si Kosa la Sarufi

Jioni moja, hapa mtaani Lucky Summer ninakoishi, binti wa jirani alinijia na daftari lake la insha, uso umemsawijika. Alikuwa ametunga hadithi ya nchi iliyo juu ya mawingu, inayotawaliwa na malkia wawili, Syombua na Akoth, mtu na dada yake. Mwalimu wake aliyakata majina hayo kwa wino mwekundu, akaandika kando: "Haya si Kiswahili." Binti akaniuliza, "Mwalimu, nimekosa wapi?"

Mimi ninayefundisha isimu chuo kikuu sikuliona kosa. Syombua ni jina la Kikamba, Akoth ni la Kijaluo. Yote mawili hupewa msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. Mtoto huyu ameyasikia katika ploti moja, akang'amua kwamba maana yake ni moja, ndipo akawafanya wenyewe kuwa ndugu. Huo ni uchunguzi wa lugha ambao wanafunzi wangu wengi hawajaufikia.

Isitoshe, ndivyo walivyofanya magwiji wetu. Shaaban Robert alikichukua kitenzi "sadiki", chenye asili ya Kiarabu, akakinyambua, akapata nchi nzima ya Kusadikika (1951). Katama Mkangi aliyaunga maneno "wale ni sisi" akapata Walenisi (1995), na shujaa wake akamwita Dzombo, jina ambalo pia ni la kilima huko Kwale. Sauti ya mwanzo ya jina hilo ni ya Kimijikenda, haimo katika Kiswahili sanifu, wala riwaya haikuacha kuwa ya Kiswahili. Hata J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford, aliziunda lugha za viumbe wake kwa kuegemea Kifini na Kiwelshi.

Najua mwalimu naye ana hoja. Mtihani hupima Kiswahili sanifu, na sarufi haina budi kulindwa. Lakini tukilikata jina, tunamfunza mtoto kwamba lugha ya nyanya yake haina nafasi katika ndoto zake. Kesho malkia wake ataitwa Elizabeth, nasi tutampa alama zote.

Walimu wenzangu, tuulize kwanza maana ya jina kabla ya kuinua kalamu. Sisi tunaishi katika mtaa ulioitwa kwa Kiingereza, tena kwa majira ambayo Nairobi haiyajui, na sijaona aliyeutilia wino mwekundu.