Kifuacho Nacho Hufuliwa

 Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya chombo ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi za mijini, nacho ni mashine ya kufulia nguo. Msomaji asistaajabu kuona khabari za mashine katika ukurasa huu. Tohara ya nguo ni sharti katika masharti ya sala, na katika Sura ya Al-Muddaththir Mtume wetu s.a.w. aliamrishwa kuzitoharisha nguo zake. Basi kila kinachoigusa nguo ya sala, kinaigusa na sala.

Wengi hudhani kwamba chombo kinachopita maji na sabuni kila siku hakiwezi kuwa kichafu. Dhana hii si sahihi. Sabuni isiyosuuzika, mafuta ya miili yetu na nyuzi za nguo hugandamana nyuma ya pipa, mahali pasipoonekana. Maji ya visima vya pwani yetu, ambayo aghlabu yana chokaa, huacha ukoko juu yake. Kisha mlango hufungwa, unyevu hubaki ndani, na ukungu huota katika mpira wa mlangoni. Haba na haba hujaza kibaba. Hata kanzu nyeupe ikitoka humo, yanuka kama imelala katika maji siku mbili.

Hapa yatupasa tupambanue mambo mawili. Ukungu ni uchafu, lakini si najisi. Aliyesali na kanzu yenye harufu hiyo, sala yake ni sahihi. Lakini Mtume s.a.w. alimkataza aliyekula kitunguu kibichi au thomu asiukaribie msikiti, ili asiwaudhi wenziwe kwa harufu. Basi na tuwahurumie wanaosimama nasi katika safu moja.

Jambo la pili ni kinyume cha hilo: nguo yaweza kunukia uzuri na isiwe tohara. Maji ya mashine hayafiki kula mbili, na kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi, maji machache yakiingiwa na najisi hunajisika japokuwa hayakugeuka rangi wala harufu. Kwa hiyo nepi ya mtoto au nguo yenye damu isitupwe moja kwa moja katika mashine pamoja na kanzu na mabuibui. Kwanza iondolewe najisi yenyewe kwa mkono, kisha imiminiwe maji safi mpaka athari yake iondoke, ndipo itiwe pamoja na nyinginezo. Khasa wajihadhari wenye mashine za mapipa mawili, ambazo maji yale yale ya sabuni hufuliwa fungu baada ya fungu. Tohara ikitangulia, sabuni na manukato hufuata.

Sasa twende katika kuisafisha mashine yenyewe. Kazi hii yatosha mara moja kwa mwezi, na vitu vyake vimo jikoni. Yafaa kukisoma kwanza kijitabu kilichokuja na mashine, kisha zifuatwe taratibu hizi.

Kwanza, chomoa waya wa umeme. Mashine nyingi za mlango wa mbele zina chujio kwa chini. Weka beseni hapo, lifungue polepole, utoe nyuzi, vifungo na sarafu zilizonasa. Pili, ufute mpira wa mlangoni, na khasa mikunjo yake, kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na soda ya kuokea. Tatu, chomoa kisanduku cha sabuni ukisugue kwa mswaki wa zamani. Nne, rudisha kila kitu mahali pake, tia ndani ya pipa kikombe kimoja cha siki nyeupe, au gramu 100 hivi za ndimu ya unga, na uiendeshe mashine tupu kwa maji ya moto ya digrii 60 au zaidi. Ukali wa siki na wa ndimu huyayusha chokaa, na moto hulegeza mafuta. Siki isitumiwe kila wiki, kwani ikizidi huweza kuudhuru mpira. Mwisho, uiendeshe tena kwa maji matupu.

Wako wanaochanganya siki na soda kwa pamoja, wakafurahi kuona povu likifoka. Povu hilo ni la kutazama tu. Siki ni kali na soda ni kinyume chake. Zikikutana kila moja huivunja nguvu mwenziwe, na yanayobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Atakaye kutumia zote mbili, na azitumie mbali mbali.

Lakini kuna mchanganyiko mwingine ambao si wa kupoteza nguvu, bali ni wa kupoteza roho. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo wengi huiita Jik, haichanganywi kabisa na siki, wala ndimu, wala dawa za kusafishia vyoo. Ikikutana na kitu kikali hutoa hewa ya klorini, ambayo huunguza macho, koo na mapafu. Hewa hiyo ndiyo iliyotumiwa na majeshi ya Kijerumani karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikaua watu wengi katika vita. Kadhalika dawa hiyo isimiminwe juu ya nepi zenye mkojo, kwani nayo hutoa hewa yenye madhara. Mtu akivuta hewa ya namna hii, atoke nje upesi na awatoe watoto, asirudi kuchungulia, na akiona kikohozi au pumzi kubana aende hospitali bila kukawia. Chumba cha kufulia katika nyumba zetu aghlabu ni kidogo, dirisha lake ni dogo, na mama yumo ndani na mtoto mgongoni. Sharia yetu haikubali mtu kujidhuru wala kumdhuru mwenziwe; kutojua si kinga ya mapafu.

Baada ya kufua, nguo zisilale ndani ya mashine. Mlango uachwe wazi kidogo ili pipa likauke, na kama nyumbani mna watoto wadogo, wachungwe wasije wakajitia humo kwa mchezo.

Neno letu la mwisho ni kwenu nyinyi vijana wa kiume. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alipoulizwa Mtume s.a.w. alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa katika kuwatumikia ahali zake. Yeye ndiye bora wa viumbe, wala hakuona haya. Basi kuinama mara moja kwa mwezi kulisafisha chujio la mashine hakumpunguzii kijana heshima yake. Humpunguzia mama yake uchovu, na humkumbusha kwamba kanzu anayoivaa Ijumaa haikujitoharisha yenyewe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azitoharishe nguo zetu, na kabla ya nguo, nyoyo zetu. Amin. Wa billahi taufiki.