Malenga wa Sultani na lugha ya sokoni

Bila shaka umewahi kusikia kwaya ikimmiminia mgeni wa heshima sifa hadi mwenyewe akaanza kutazama saa. Kazi hiyo haikuanza kwetu. Juma hili twende Bijapur, kusini mwa Bara Hindi, mji ambao sasa huitwa Vijayapura.

Huko aliishi malenga aliyeitwa Nusrati. Bwana wake alikuwa Sultani Ali Adil Shah wa Pili, aliyetawala kutoka 1656 hadi 1672. Siku hizo mshairi aliyetaka heshima ya wakubwa alitunga kwa Kiajemi. Lugha ya askari na wachuuzi ilikuwa Kidakhni, ndugu yake Kiurdu. Nusrati alifanya nini? Alichukua masnavi, bahari ya Waajemi ambayo vipande viwili vya kila mstari hufungwa kwa kina kimoja, na mstari ufuatao huja na kina chake, akaijaza Kidakhni.

Mwaka wa 1665 akakamilisha Ali Nama, utenzi mrefu wa vita vya Sultani dhidi ya Shivaji wa Wamaratha na majeshi ya Mughal. Hakuona haya kuuita Shahnama ya Dakan. Yaani, mtoto wa lugha ya sokoni alijipima kifua na Firdausi, aliyemaliza Shahnama yake mwaka wa 1010!

Lakini hebu fikiria mtihani aliokuwa nao. Mwaka wa 1659 Afzal Khan, jemadari wa Sultani, aliuawa na Shivaji walipokutana kuzungumza. Mwaka uliofuata jemadari mwingine, Siddi Jauhar, mtu wa asili ya Uhabeshi, alimzingira Shivaji ndani ya ngome ya Panhala. Usiku mmoja Shivaji akachomoka. Baadaye ngome ilitwaliwa, ndege keshatoka tunduni. Ikiwa unakula mkate wa ikulu, utaimba ngome au utaimba ndege? Wanahistoria wangali wanausoma Ali Nama kutafuta habari za vita hivyo, na nadhani husoma jicho moja likiwa kwa yule aliyemlipa malenga.

Wewe mwanafunzi unayekariri fasihi utamkumbuka Bwana Mwengo wa Pate, aliyetunga Utendi wa Tambuka mwaka wa 1728. Naye aliimba vita kwa lugha ya nyumbani. Ila vita vyake vilikuwa vya zama za Mtume, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuogopa jemadari aliyeshindwa jana akae mbele yake akisikiliza. Nusrati hakuwa na nafuu hiyo.

Bijapur ilitekwa na Aurangzeb mwaka wa 1686. Kaburi kubwa alilokusudiwa Sultani Ali, liitwalo Bara Kaman, halikupata kumalizika. Matao yake ya mawe meusi yangali yamesimama pale, bila paa.