Mapupu ya Mbwa: Wazungu Wanabishana Mengine, Sisi Yetu Yako Kwenye Ndoo

Niko Mzinga, Morogoro, hapa chini ya milima ya Uluguru, na leo siasa naiweka pembeni kidogo. Nataka tuongee kuhusu mbwa. Najua kuna mtu ameshacheka. Cheka, ila usifunge ukurasa.

Imeanza na mshikaji wangu mmoja anayefuga mbwa wakubwa wa ulinzi. Kanionyesha video ya Marekani: mbwa wanakula nyama mbichi na mifupa yenye nyama, manyoya yanang'aa, meno meupe peee. Akaapa kuanzia siku hiyo hapiki tena ugali wa mbwa. "Mbwa si mtu bwana, apikiwe kwa nini?" Mimi sikubishana, nikaenda zangu kafe nikachimba.

Kumbe habari yenyewe ina umri. Mwaka 1993 daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alitoa kitabu akisema mbwa ale vibichi pamoja na mifupa, sio chakula cha viwandani. Mwaka 2001 mwenzake wa hukohuko, Tom Lonsdale, naye akaja na cha kwake kuhusu mifupa mibichi yenye nyama. Hoja yao ni kwamba mbwa ana ukoo na mbwa mwitu, na mfupa mbichi unamsugua meno. Upande wa pili, mwaka 2012 chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani (AVMA) kilitoa msimamo wa kutoshauri wanyama kulishwa nyama mbichi, kwa sababu ya bakteria kama salmonela wanaoweza kumfikia hata mwenye mbwa. Na Desemba 2024 paka wa Oregon alikufa kwa mafua ya ndege baada ya kula chakula kibichi cha kununua. Basi ndio ugomvi wao huo, kati ya jokofu na pakiti.

Sasa turudi Mzinga. Hapa mbwa anakula ugali wa pumba na dagaa, siku nyingine makombo, siku nyingine anajitafutia. Kazi anafanya: analinda nyumba, na kwenye mashamba ya mlimani anafukuza nguruwe pori na nyani. Lakini mfupa wenye nyama? Jamani, huo ni supu! Mwenye bucha akikupa mfupa wa bure wenye nyama ujue amekosea. Kwa hiyo ukisikia mtu mtaani anasema mbwa wake wanakula vibichi, mara nyingi hasemi mfupa. Anasema mapupu.

Hapo ndipo nilipostuka. Kuna mzee mmoja hapa jirani ana mbwa watatu, na jioni nyingine anarudi na ndoo nyuma ya baiskeli. Nikamsalimia, shikamoo mzee, marahaba, nikachungulia. Mapupu na vipande vya maini, vingine vina malengelenge makubwa yamejaa maji. Nikamuuliza mbona yako hivi. "Haya yamekataliwa, dogo. Binadamu hali, ila mbwa hana neno."

Hiyo "hana neno" ndiyo ninayoipinga. Ni kweli mbwa mwenyewe mara nyingi haumwi, na ndiyo maana tunadanganyika. Malengelenge yale yanaweza kuwa ya hidatidi, ugonjwa unaoletwa na tegu mdogo sana, wa milimita chache tu. Mbwa akila pupu bichi lenye malengelenge hayo, tegu wanakua tumboni mwake, na baada ya wiki sita au saba hivi mayai yanaanza kutoka na kinyesi. Mayai huwezi kuyaona. Yanakaa kwenye udongo, kwenye majani, kwenye manyoya ya mbwa. Mbuzi akila majani hayo anapata malengelenge, na mzunguko unaanza upya. Mtoto akimshika mbwa kisha akala embe bila kunawa, naye anaota mfuko wa maji kwenye ini au pafu, unaokua taratibu kwa miaka bila kuuma. Siku unapojulikana, mara nyingi ni habari ya kisu cha daktari.

Mtu atasema hayo ni ya mbali. Mbali wapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu mifugo iliyochinjwa wilayani Ngorongoro ulikuta zaidi ya nusu ya kondoo wana malengelenge hayo, na ng'ombe karibu nusu. Kwa jirani zetu Kenya, Turkana ilijulikana dunia nzima kwa ugonjwa huu, mpaka AMREF wakaanza kampeni yao kule mwaka 1983. Mifugo ya Bongo inatembea, inapanda malori, inauzwa minadani. Ng'ombe akifika hapa haji na cheti kinachoonyesha mapafu yake.

Na sio lazima iwe machinjioni. Machinjioni angalau kuna mkaguzi wa nyama na kisu chake. Harusini, kwenye msiba, sikukuu, mbuzi anachinjwa uani, na kitu cha kwanza kutupwa ni pupu lenye uvimbe. Mbwa wote wa mtaa wameshakaa mkao wa kula. Kisha mvua ya Uluguru inasomba kila kitu mpaka mto Mzinga, na kando ya mto watu wanalima mchicha. Mto huo unaenda bwawa la Mindu.

Nimesoma pia habari za Iceland, nchi ya baridi na kondoo wengi, ambayo zamani iliteswa sana na ugonjwa huu. Mwaka 1863 mtaalamu wa Denmark, Harald Krabbe, alikwenda kuchunguza mbwa wa kule. Mwaka uliofuata kikatoka kijitabu chake kinachoeleza mzunguko wote, kikagawiwa bure nyumba kwa nyumba. Watu walikisoma (jioni zao ndefu na kafe hakuna), wakaacha kuwatupia mbwa viungo vibovu. Leo umetokomezwa kule. Haikuhitaji pesa ya ajabu.

Kwa hiyo mshikaji wangu nimemwambia hivi: mfupa mbichi wa bucha, kutoka nyama iliyokaguliwa, sina ugomvi nao sana, ingawa lile goti la ng'ombe linaweza kumvunja mbwa jino. Uliopikwa ndio usimpe. Unakauka, unapasuka vipande vyenye ncha. Mbwa wetu Jeki aliokota mifupa ya kuku wa kuchoma baada ya kipaimara cha jirani, siku mbili hakula wala hakubweka, nyumbani tukajua tumempoteza. Alipona, ila bila mtu kumsaidia.

Mapupu na maini, chemsha nusu saa nzima, yatokote kwelikweli, ndipo umpe. Yenye malengelenge choma moto au fukia chini sana, maana mbwa anajua kufukua kuliko wewe. Na dawa ya minyoo ni prazikwanteli. Shirika la Afya Duniani linashauri mbwa apewe angalau mara 4 kwa mwaka sehemu zenye ugonjwa. Ukimpa, mfunge siku mbili na kinyesi chake ukichome. Sisi Moro hatuna kisingizio cha kukosa wa kumuuliza, hospitali ya wanyama ya SUA iko hapahapa.

Mzee wa ndoo nimemweleza yote haya. Alinisikiliza vizuri, akauliza, "Na kuni za kuchemshia utanipa wewe?" Sikuwa na jibu. Mbwa wake mmoja alikuwa analamba mguu wa mjukuu.

Wadau mnaofanya kazi machinjioni, popote mlipo, tuambieni kwenye maoni: shimo la kutupia vilivyokataliwa kwenu lina mfuniko na kufuli, au getini kuna watu na ndoo? Jina si lazima.